Naomba ushauri: hadithi ya solapanki ya Mombasa, ugomvi niutoe wapi?

Jamani wazoefu wa kuandika hebu nisaidieni. Nimeanza hadithi ya solapanki, zile za kesho yenye matumaini, umeme wa jua, miti mjini, watu wanaamua mambo yao pamoja, Brazil walishatoa mkusanyiko wake tangu 2012. Mie nimeiweka hapa hapa Mji wa Kale, nyumba zetu za matumbawe zenye kuta nene za kukata joto, paneli kwenye paa, maji ya mvua yanaingia birikani, na kuvuka Likoni ni kwa majahazi ya plastiki iliyookotwa, kama lile la Flipflopi lililoundwa Lamu likaenda hadi Zanzibar 2019 (hiyo si ndoto, lipo). Sasa shida, kila mtu kwangu ana raha mpaka hadithi imepoa kama chai ya jana, na tajiri mchafuzi wa mazingira simtaki, kachosha huyo. Nimefikiria mtaa ugombanie betri, usiku wa kaskazi joto limekaba, nani awashe feni na nani aokoe friji ya samaki. Yatosha kubeba kurasa ishirini ama niongeze kitu? Na mazungumzo niyaache Kimvita au wa bara watapotea?