Saa yako ikifika imefika? Tupeane uzoefu

Kinyozi wa Shabab
Jumamosi nilikuwa mazishini upande wa Njoro. Marehemu alikuwa kijana wa bodaboda, aligonga lori lililoegeshwa usiku bila taa. Mhubiri akasimama akasema hata angelala nyumbani siku hiyo angekufa tu, saa yake ilikuwa imefika. Watu "Ameni!" Shangazi ya marehemu, niliyekuwa nimeketi naye benchi moja, akanong'ona: "Saa ilifika ama ni chang'aa ilifika?" Tangu hapo sina raha. Wadau, kuna jambo maishani mwako unajua kabisa ulipangiwa? Au yote uliyachagua mwenyewe? Leteni yaliyowapata, si mahubiri.

Mkulima Molo
Liandikwalo ndilo liwalo. Sina mengi.

Mzee wa Mteremko
Mimi niliendesha malori kwenda Malaba miaka mingi. Wale wa zamani mnaijua Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Kila ajali ikitokea tuliambiwa kuna mapepo pale, yanataka damu. Wakaja watumishi kuombea lami, wakamwaga mafuta, maiti wakaendelea kuokotwa. Sisi madereva tulijua pepo lenyewe: ukishika ule mteremko wa Sachangwan unaachia gia ili uokoe dizeli, ile dizeli unaiuza jioni pale pale. Lori linashuka na uzito wake wote, breki zinanuka, ukizikanyaga hazipo. Taniboi wangu aliwahi kufungua mlango akawa amekaa tayari kuruka, nikamwambia funga, tukifa tufe pamoja. Tulisimama karibu na sokoni, moshi unatoka magurudumuni, na mama mmoja akaja kutuuzia viazi kama hakuna kilichotokea.

Halafu ikaja ile ya Desemba 31, 2017, basi na lori, wakafa zaidi ya watu 30. Serikali ikaweka ukuta wa zege katikati ya barabara. Kugongana uso kwa uso kukapungua. Sasa niambieni, mapepo yaliogopa simiti?

Jamaa wa Kondele
Yalihama mzee. Yako huku kwetu yanaendesha matatu 😂

Bin Kaloleni
Kwetu kudura ni nguzo ya imani, lakini Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu mfunge ngamia wako kwanza, kisha umtegemee Mwenyezi Mungu. Yule kijana wa Njoro hakumfunga ngamia. Wazee husema jitihada haiondoi kudura, sawa, ila hawakusema usijitahidi.

Jamaa wa Kondele
Hapa Kisumu ngamia hatuna, tufunge nini? Kofia ya pikipiki?

Bin Kaloleni
Ndiyo hiyo hiyo. Ifunge mpaka kidevuni, si kuiacha kichwani kama sufuria.

Mama Bumala
Nimesoma nikashindwa kunyamaza. Mtanisamehe urefu.

Kifungua mimba wangu alipokuwa anaanza kukaa, vidole vilivimba vyote, mikono na nyayo. Ukimgusa analia mpaka anakosa pumzi. Zahanati wakasema malaria. Akapewa dawa, akapoa, ikarudi. Mama mkwe akasema nyumba yangu imefungwa, kuna shangazi aliyekufa na kinyongo. Tukapelekwa kwa mtumishi mmoja, akataka mbegu, yaani sadaka ya pesa, tukauza mbuzi. Mtoto akaendelea kulia.

Usiku mbaya kuliko zote mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwinua nikamulika macho na simu, ndani ya kope ni kweupe kama karatasi. Baba yake alikuwa kazini Nakuru. Nikatoka barabarani na leso kichwani, kila pikipiki inapita. Mmoja akasimama. Alikuwa amemaliza kazi, anaenda kwao kulala, tena upande mwingine kabisa. Hospitalini wakasema mtoto anahitaji damu sasa hivi na yake haipo, yangu haimfai. Yule kijana hakuwa ameondoka, alikuwa kwenye veranda anakamua koti maji. Akasema nipimeni. Ikaingiana. Mpaka leo sijui angepita dakika tano mapema ingekuwaje.

Baadaye Kisumu ndipo nesi akasema tupime seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto SS, yaani anaugua. Mimi AS, baba yake AS, yaani tumeubeba tu bila kuugua. Akageuza kadi ya kliniki akachora visanduku vinne: AA, AS, AS, SS. Akasema hiyo ni kila mimba, kura inapigwa upya. Mume wangu alikuwa anadhani kwa vile wa kwanza ameugua, watatu wanaofuata wako salama. Nesi akamwambia damu haihesabu zamu.

Wa pili alitoka AS. Nikasema basi, nafunga uzazi. Vita! Mama mkwe anasema namfungia Mungu mlango, shemeji anamshauri mume wangu aongeze mke. Asiniambie mtu ugonjwa wa mtoto wangu ni mpango wa Mungu. Na asiniambie mtu yule kijana wa pikipiki alikuwa bahati tu. Najua hayo mawili hayakai chungu kimoja. Yakae tu.

Mkulima Molo
Mama, pole. Nimesoma mara mbili.

Mtumishi Kakamega
Pole dada. Ila angalia ulimi usije ukakufuru. Mungu angeweza kukupa wa tatu mzima kabisa.

Mzee wa Mteremko
Na angekuwa SS, wewe mtumishi ndiye ungekesha naye wodini?

Nyar Ahero
Dawa ni moja: mpimane kabla ya ndoa. AS na AS waachane mapema, kila mtu atafute wake.

Mke wa Mtu Siaya
Wewe Nyar Ahero tuheshimiane. Mimi na mume wangu tulijua tuko AS na AS kabla ya harusi, tukaoana. Hatukulazimishwa. Nimwache mtu kwa ajili ya herufi mbili?

Nyar Ahero
Herufi mbili mtakazozilea nyinyi, sawa. Mtoto ndiye hakuulizwa.

Mke wa Mtu Siaya
Nani hapa aliulizwa kabla ya kuzaliwa? Wewe uliulizwa?

Jamaa wa Kondele
Mimi ningeulizwa ningezaliwa kwa wenye magorofa Milimani.

Daktari Msaidizi
Poleni kwa kelele, nieleze kidogo. Huku kanda ya ziwa seli mundu ni nyingi kwa sababu ya malaria. Mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo vizazi na vizazi hao ndio waliopona wakazaa. Hakuna shangazi mwenye kinyongo. Na SS si hukumu ya kifo: penisilini utotoni, folik asidi, haidroksiurea (dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa), maji mengi, asipigwe na baridi, alale ndani ya neti. Homa ikipanda mkimbize hospitali, usingoje asubuhi.

Mtumishi Kakamega
Na maombi.

Daktari Msaidizi
Na maombi, mkiwa njiani.

Kinyozi wa Shabab
Niliuliza juu ya saa ya kifo sasa tuko kwa maabara 😄 Mama Bumala, yule kijana wa pikipiki mliwahi kuonana tena?

Mama Bumala
Ni mtu wa nyumbani sasa. Juzi alileta msichana anayetaka kumwoa tumsalimie. Kabla hata ya chai nikawauliza kama wamepimwa. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mkulima Molo
Daktari, binti yangu anaolewa Desemba, kijana ni wa Bungoma. Huku Nakuru kipimo nikiitishe kwa jina gani?

Daktari Msaidizi
Elektroforesisi ya himoglobini. Kile cha zamani cha haraka, wanakiita "sickling test", kinaonyesha kama kuna S, lakini hakitenganishi AS na SS, usikubali kurudishwa na hicho peke yake. Na waende wote wawili.

Mkulima Molo
Nitawapeleka mwenyewe Jumatatu.