DJ WA JANA KONDELE AMEKATA VESI IKIBAKI LAINI MOJA!!! LAINI MOJA!!!

jakisumo_halisi:
Wasee sijalala, masikio bado yanalia. Sitaji jina, mnamjua, yule wa kofia ya manyoya kwa hili joto la Kisumu. Jana ametuwekea rimiksi ya rap ya Kijaluo na kabla mtu aniite mshamba mimi hauzi na jungle, hizo mziki za elektroniki za klabu, nasikiza kuwaliko nyote humu, shida si rimiksi. Shida ni vesi ya mwisho, ile ukumbi mzima unaijua, mikono iko juu, watu wanachana pamoja naye, imebaki laini moja tu ya kumaliza stori, AKAIKATA. Akaweka honi pwaa pwaa pwaa, halafu kiki, ile ngoma nzito ya besi, ndu ndu ndu kama jirani anabomoa ukuta, ikaenda hivyo mpaka samaki wote wa Dunga wakahamia Uganda. Na chini ya hiyo kiki kuna nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, inazunguka, imekatwa kwa rekodi ya wazee, kila mtu alilelewa huku anaijua, yeye anashika maiki anasema "huu mdundo nimeutoa kichwani mwangu". Kichwani gani?? Nikaenda mbele nikamwambia taja mwenye nyatiti, akaropoka kwa hiyo maiki "nani amemfungulia huyu mzee wa makumbusho", watu wakacheka. Nina miaka 36!!

Kanye West alipokata Kothbiro, wimbo wa bendi ya Kenya Black Savage, akaiweka kwa wimbo wake Yikes 2018, James Mbarack Achieng na Ayub Ogada waliandikwa kwa kredit. Kanye! Na huyu wetu hawezi kutaja hata jina moja na maiki ameishika usiku kucha. Na laini ilikuwa imebaki MOJA.

mama_sabufa:
Nilikuwa hapo. Ile honi ilinimwagia soda yote. Huyo jamaa afungiwe stima.

kijana_wa_manyatta:
Buda sema tu umeumia kuitwa mzee 😂😂 nyatiti umeileta kama shahidi

krate_na_vumbi:
Lakini omera hip-hop yenyewe ilizaliwa kwa kukata. DJ Kool Herc kule Bronx, New York, 1973 alikuwa na santuri mbili anarudisha kipande kile kile cha ngoma. Planet Rock ya Bambaataa 1982 melodi ni ya Kraftwerk, Wajerumani, halafu wakaweka ngoma za 808, ile mashine ya kupiga ngoma. Kwa hivyo electro na rap ni ndugu toka zamani, wacha kijana akate.

jakisumo_halisi:
Herc alirudisha PALE WATU WALIPENDA ndio wacheze zaidi, huyu amekata PALE WATU WALIPENDA!! Hauoni tofauti?? Laini ilikuwa mdomoni kwetu!

jungle_ya_milimani:
Mimi nakusapoti kwa hiyo ya majina. Gregory Coleman wa The Winstons alipiga ngoma kama sekunde 6 hivi mwaka 1969, jungle yote imejengwa juu yake na rap kibao, akafa 2006 hajaona pesa ya hizo sampo, yaani vipande walivyomkatia. Inaniuma kila nikiisikia.

shinyalu_juu:
Nyinyi mnalilia nyatiti, isukuti je, ngoma yetu Waluhya? UNESCO 2014 waliiweka kwa orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka, sasa harusi za huku Kakamega mtu anakuja na kinanda, anabonyeza kitufe, ati isukuti. Isukuti ya kitufe! Wazee wameketi hapo na ngoma zao kwapani na hawaitwi.

kijana_wa_manyatta:
Hiyo ya kinanda ni mbaya kuliko ya jana walahi

naks_free_area:
Hamjapanda mathree za huku Nakuru. Kila wimbo ni rimiksi, kila rimiksi ina sauti ya DJ akijitaja jina, kutoka Free Area mpaka tauni sijasikia korasi hata moja imeisha. Ukisema shukisha makanga hasikii, unashukia mbele huko.

jakisumo_halisi:
Jamani turudi kwa laini

shinyalu_juu:
@naks angalau nyinyi mna mziki, huku wameongeza nauli na redio imeharibika

naks_free_area:
Wameongeza mpaka ngapi? Huku mvua ikinyesha tu inapanda mara mbili

mama_sabufa:
Mara mbili ni bahati. Njooni Kondele jioni muone.