Drill ya Mwanza: dogo akiacha visu na vitisho, kakua au kalainika?

Mleta mada:
Wakuu, tangu Jumapili kijiweni kwetu Mabatini hatuelewani. Kuna dogo wa hapahapa mtaani anachana drill, ile rap ya besi nzito na maneno ya vitisho. Redioni hajawahi kupigwa, ngoma zake tunarushiana kwa WhatsApp. Mwaka jana hamalizi ubeti bila kutaja panga. Video yake ya kwanza kavaa koti zito la baridi na kinyago, juu ya mawe, saa nane mchana! Jasho mpaka unalihurumia. Sasa katoa ngoma nzima ya dagaa, na nusu ya wana wanasema drill imemshinda. Mimi nasema ndiyo kwanza kaanza kuchana.

Kwanza hii drill yenyewe haijawahi kutulia sehemu moja. Ilianzia upande wa kusini wa Chicago, dunia ikaijua 2012 kupitia Chief Keef. London wakaichukua, midundo ikavunjwavunjwa na besi ikawa inateleza. Mwaka 2019 Pop Smoke wa Brooklyn akaitikisa New York kwa biti za 808Melo, mtu wa London. 2020 vijana wa Kumasi, Ghana, wakaichana kwa Kitwi wakaiita asakaa. Kote huko ilivaa nguo za pale. Mwanza ndiyo ivae koti la baridi?

Halafu sikilizeni anavyochana. Zamani alikuwa anakimbizana na biti, anashindilia maneno mpaka pumzi inakata kabla ya kina. Sasa anaacha nafasi. Anasema nusu mstari, ananyamaza, besi inashuka peke yake, ndipo anamalizia kwa sauti ya chini kama anakunong'oneza. Na ule ubeti wa pili kaujenga wote juu ya neno "mwezi". Mwezi wa angani ukiwa mkubwa, boti za dagaa zinalala ufukweni. Mwezi wa kalenda ukiisha, mwenye nyumba anadai. Anarukaruka kati ya miezi hiyo miwili mpaka hujui yupi anamtisha zaidi, na chini yake mdundo unagonga kama hodi ya asubuhi. Mimi nilirudia mara nne pale. Vitisho vipo vilevile, ila safari hii vinamhusu yeye.

Kasoro anazo. Kiitikio ni kirefu mno na sauti kaipitisha kwenye mashine mpaka anasikika kama yuko ndani ya ndoo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, drill ni ubabe. Mafumbo ya mwezi kasikilize kwenye taarabu. Fid Q katokea Mwanza hiihii, mafumbo kayamaliza, na hakujiita drill. Dogo aseme tu kahamia hip hop, hatutamnunia.

Mchangiaji wa pili:
Huyo kaogopa BASATA, wale wa Baraza la Sanaa, wasimfungie, hakuna cha kukua hapo.

Mleta mada:
Mtu hajapigwa redioni hata mara moja, BASATA watamjulia wapi? Waliobanwa kweli ni wa London. Mwaka 2018 polisi waliiomba YouTube iondoe video za drill, zikafutwa kama 30, na wale jamaa hawakuacha kuchana. Huyu wetu hakuna aliyemgusa, kabadilika mwenyewe. Na wewe wa taarabu, usiidharau. Mipasho ile ina visu kuliko drill zote za Mabatini.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi sijui drill wala nini, nauza dagaa Mwaloni, hiyo ngoma katumiwa mwanangu nikaisikia. Hilo la mwezi ni kweli tupu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanabaki nchi kavu, na sisi tunakaa tunaangaliana. Ila mwambieni kijana wenu kapitwa. Anaimba karabai, siku hizi wengi ziwani wana taa za sola. Na angetaja mvua! Dagaa wakinyeshewa mchangani kabla hawajakauka, hasara yake mwenye nyumba hatakuelewa.

Mleta mada:
Shikamoo mama. Nimempelekea jioni hii, la mvua kaliandika kwenye simu palepale. La karabai anasema analijua, ila "sola" haipati kina na "anadai".