Mjadala: Kompyuta ya kwanza ya magemu, kadi mpya au kadi ya mtumba?

Kijana wa Tabata

Habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Nimedunduliza shilingi 1,500,000 kwa mwaka mmoja na nusu, na sasa nataka kuunda kompyuta yangu ya kwanza ya magemu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nimeamua itakuwa Ryzen 5 5600, kwa kuwa mazabodi, yaani bao linalobeba vifaa vyote, zenye soketi yake ya AM4, na memori zake, yaani RAM za DDR4, bado zinapatikana kwa bei ninayoimudu. Kinachoninyima usingizi ni kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za gemu kwenye skrini. Fedha yangu inatosha ama GTX 1650 mpya ya GB 4, ama RX 6600 ya GB 8 iliyokwisha kutumika, ambayo nimeiona kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo. Rafiki yangu ananiambia kuwa kadi ya mtumba ni punda aliyekwisha kubebeshwa mizigo ya watu, kwa sababu nyingi zilichimbia sarafu za mtandaoni, yaani zilipigishwa hesabu za kuzalisha sarafu hizo, usiku na mchana. Je, ni busara kwa anayeanza kununua kadi ya namna hiyo? Kuunganisha nitaunganisha mwenyewe. Kwa fundi sipeleki, maana mafundi wetu nawajua: unaingia na RAM mbili, unatoka na moja.

Mwana wa Kisauni

Nunua RX 6600, ndugu yangu, wala usigeuke nyuma. GTX 1650 ilitoka mwaka 2019, na GB 4 za memori hazitoshi tena kwa magemu makubwa ya siku hizi hata ukishusha ubora wa picha, kwa hiyo utakuwa umelipia upya wa boksi tu. RX 6600 ilitoka mwaka 2021, inakula wati 132, na kwa skrini ya kawaida ya 1080p hutakuwa na la kulalamikia. Hayo ya wachimbaji ni hadithi za kutishia watoto, kwa sababu Bitcoin iliacha kuchimbwa kwa kadi ilipobadilishwa mfumo, nadhani ilikuwa 2021, na kadi zile zimekwisha kuzikwa.

Fundi Mkongwe

Kijana, nimesoma swali lako lote, na suala la kadi nawaachia wenye kadi, kwa sababu sentensi yako ya mwisho imenikwama kooni. Nimeketi kwenye meza hii miaka 22. RAM ya mteja ikiingia hapa huandikwa namba yake kwenye daftari, na mteja hutia sahihi mbele yangu. Wiki iliyopita alinijia kijana kama wewe, naye pia alitaka kufanya kila kitu mwenyewe. Aliivuta hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, ikiwa ya baridi, pesti ya kupitishia joto ikiwa imeganda, na prosesa ya AM4 ikang'oka pamoja nayo kutoka kwenye soketi ingali imefungwa. Pini zilizolala zilikuwa kama mihogo iliyopigwa na upepo. Nilizinyoosha moja moja kwa ncha ya kalamu ya risasi iliyotolewa risasi yake, lenzi jichoni, kwa muda wa saa moja na nusu, nikamtoza shilingi 20,000, naye akaniomba nipunguze iwe 15,000. Huyo ndiye mteja wenu, na huyu ndiye mnayemwita mwizi.

Dada wa Ilala

Pole kwa pini, fundi, lakini usijivike kanzu nyeupe kwa niaba ya meza zote za mjini. Kompyuta yangu iliingia kwa mwenzako mmoja ikiwa na GB 16 na ikarudi na GB 8, na nililigundua jambo hilo siku ya tatu, gemu lilipoanza kukwama kila ninapofungua ramani. Niliporudi kuuliza, niliambiwa kuwa vumbi limekula RAM.

Fundi Mkongwe

Kwa nini hukuhesabu mbele yake siku ya kuchukua, dada yangu? Ni kuwasha na kutazama, hata dakika mbili haziishi.

Dada wa Ilala

Kwa hiyo nikimpeleka mgonjwa hospitali niende na daftari la kuhesabu figo zake?

Mwalimu wa Moshi

Naomba niseme lisilopendeza. Kuunda kompyuta vipande vipande ni kutafuta sifa. Mwanafunzi wangu mmoja alinunua OptiPlex, kompyuta ya Dell iliyotoka ofisini, akachomeka GTX 1650, ambayo hula wati 75 na kuzipata zote kwenye sloti ya mazabodi bila waya wa ziada, na anacheza vizuri huku mkononi amebakiwa na zaidi ya nusu ya fedha ambayo kijana huyu anataka kuiteketeza. Hakuna soketi ya kuchagua, hakuna pini za kuvunja, na wala hakuna fundi wa kugombana naye.

Dada wa Ilala

Mwalimu, mimi kompyuta ya pili niliiunda mwenyewe chumbani, mlango nimeufunga, na hakuna aliyenipigia makofi, kwa hiyo sijui sifa hizo zilipita wapi. Mueleze na mwanafunzi wako kwamba msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, ilhali OptiPlex nyingi za bei anayoisifu zina kizazi cha 4 au cha 6. Siku atakapotaka kadi kubwa, atakuta pawasaplai yake, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ina plagi zisizo za kawaida na kasha halina nafasi. Kilichookolewa leo kitatoka mfukoni mwakani.

Mwalimu wa Moshi

Nilisema ni kutafuta sifa, na jibu lenye tarehe na vizazi vyote hivyo limenithibitishia.

Mpemba wa Sharjah

Mimi ninaishi huku ambako mizigo mingi ya mtumba hupakiwa, na nimechoka kusikia kwamba kila kitokacho Ghuba ni taka. Kwanza namsahihisha ndugu wa Kisauni. Iliyobadilisha mfumo si Bitcoin, ni Ethereum, nayo ilibadilika tarehe 15 Septemba 2022. Bitcoin kwa miaka mingi imekuwa ikichimbwa kwa mashine zake maalumu. Ethereum ndiyo iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi za michoro, na ilipoacha, kadi zilimwagwa sokoni. Kwa hiyo RX 6600 iliyotoka Oktoba 2021 ingeweza kabisa kuchimba kwa takriban mwaka mmoja, na hilo peke yake haliiui. Mchimbaji mwenye akili huipunguzia kadi umeme ili apate faida, na joto lake hubaki pale pale usiku kucha, tofauti na kadi ya mcheza gemu inayopanda na kushuka. Kinachochoka ni feni na pedi za joto zilizo juu ya memori, na vyote viwili hubadilishwa.

Cha kuogopwa ni kadi ya uongo. Kuna RX 580 zinazouzwa kwa jina hilo ilhali ndani zina viini 2048 badala ya 2304, na kuna kadi za zamani za Nvidia zilizoandikwa upya BIOS yake, yaani programu ndogo ya ndani ya kadi, ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Muuzaji akuwashie kadi dukani, ufungue programu ya bure iitwayo GPU-Z, usome mwenyewe. Akikataa kuiwasha, ondoka.

Mwana wa Kisauni

Nimesahihishwa, ahsante, ingawa sikuona haja ya kunitaja. Nililosema mimi lilikuwa kwamba kadi ile ni nzuri, na mwenzangu amekubali kwa aya mbili ndefu. Tena niongeze kwamba vijana wanatishwa mno na mambo madogo. Mimi pawasaplai yangu ni ile iliyokuja ndani ya kasha, imeandikwa wati 600, na ina mwaka wa pili haijakohoa.

Fundi Mkongwe

Hapo ndipo penyewe, na ninaomba watu wasome polepole. Pawasaplai haisomwi namba kubwa iliyo ubavuni, bali husomwa ule mstari mdogo wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi hupata karibu umeme wao wote hapo. Nyingi za zile zinazokuja na kasha, ukiisoma karatasi yake, utakuta ampea 18. Mara 12, ni wati 216. RX 6600 inataka 132, prosesa ya 5600 ikibanwa kazi inapita 70, na hapo umeshavuka 200 kabla hujahesabu feni wala diski. Hata hiyo nembo ya 80 Plus mnayoikimbilia hupima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto, haipimi kama umeme wa mtaani ukirudi kwa kishindo kifaa kitajifunga au kitaikaanga mazabodi. Mwaka wa pili haijakohoa kwa sababu hujaipandisha mlima.

Mwana wa Kisauni

Hesabu ya kuzidisha nilifundishwa darasa la pili, mzee wangu. Ningependa kujua tu kama ushauri huu huishia na kuambiwa mahali meza yako ilipo.

Fundi Mkongwe

Sikutaja meza yangu ilipo, na sitaitaja. Vua kifuniko cha kasha lako usome karatasi, kisha urudi utuandikie ampea.

Kijana wa Tabata

Wakubwa zangu, niliuliza kuhusu kadi. Hata hivyo mambo yamebadilika kidogo tangu juzi. Niliona kasha lenye ubavu wa kioo na feni tano za taa, muuzaji akasema ni la mwisho, nikalipa shilingi 280,000 pamoja na pawasaplai iliyomo. Kisha RAM nimeikuta imepanda sana, na muuzaji anasema viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili unde, sijui kama ni kweli au ni maneno ya dukani. Fedha iliyobaki haifiki RX 6600.

Dada wa Ilala

Kuhusu RAM hakukudanganya, imepanda dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025. Taa tano, mdogo wangu? Basi sikiliza. Usinunue 5600, kwa sababu haina michoro ndani yake, na bila kadi skrini yako itabaki nyeusi. Nunua 5600G, ambayo ina michoro ya kuanzia, ucheze magemu mepesi huku ukidunduliza fedha ya kadi. Lakini RAM ziwe mbili za GB 8, si moja ya GB 16, maana michoro hiyo hutegemea RAM, na ikipewa kijiti kimoja hutambaa. Uzichomeke kwenye sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kuanzia kwenye prosesa, kisha uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi, uwashe XMP, ambayo ni mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo zitakwenda kwa kasi ndogo kuliko uliyoilipia.

Mwalimu wa Moshi

Feni tano za taa, na kadi hakuna. Mimi sina la kuongeza.

Kijana wa Tabata

Ahsante, dada, nitafanya hivyo. Swali jingine: nyuma ya pawasaplai kuna kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115. Je, ni cha kuwashia zile taa?

Fundi Mkongwe

Usiichomeke ukutani. Kiswichi hicho kinaiambia pawasaplai itarajie umeme wa nchi za volti 110 na ushei, na sisi hapa ni 230. Ukiwasha kikiwa hivyo utasikia mlio mmoja na utanusa harufu ambayo hutaisahau. Kisukume kwa ncha ya bisibisi mpaka kisomeke 230, kisha usome mstari wa volti 12 utuandikie hapa.

Kijana wa Tabata

Nimekisukuma. Ampea 16.

Mwana wa Kisauni

Yangu nimeivua sasa hivi. Ni 17. Naomba nisijibiwe na mtu yeyote.