Gumzo la jumuiya: Mavuno ya mwaka huu na mzigo wa Simanjiro

Katibu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili ya Mavuno imebaki wiki tatu. Wazee wamekubaliana mazao makavu yote yaende kwa familia 40 za mtaa wetu wa misheni (tawi la kanisa letu) kule Simanjiro. Vinavyoharibika (ndizi, mayai, kuku, mboga) vinadiwe siku hiyohiyo, na fedha yake ibebe gharama za safari. Tupange hapahapa. Anayejua jambo aliseme wazi.

Mama Neema: Amina katibu. Ombi langu la kwanza, mahindi yasikusanywe yakiwa na unyevu. Watu wanavuna wiki ileile ya mavuno ili wawahi malimbuko, gunia linakaa stoo ya kanisa siku kumi, linashika joto, linaanza kunuka uvundo. Hapo ndipo kuvu anapoota na kuacha sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haitoki kwa kupika wala kwa kusaga, na inaharibu ini. Hatuwezi kumshukuru Mungu kwa kitu kitakachomdhuru mtoto wa mwenzetu.

Mzee Kiongozi: Umesema kweli mama. Malimbuko katika Kumbukumbu la Torati 26 yanawekwa kwenye kikapu na kuletwa mbele za Bwana, na mstari wa 11 unataja wazi kwamba Mlawi na mgeni watafurahi pamoja na mwenye shamba. Yaani mpokeaji yumo ndani ya ibada tangu mwanzo, si wa kukumbukwa baada ya ibada kwisha.

Elia (vijana): Shikamooni wazee. Mama Neema, tutajuaje kama yamekauka? Wengi wanang'ata tu kwa meno.

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Kung'ata kunasaidia kidogo ila kunadanganya, punje inaweza kuwa ngumu nje na mbichi kwenye kiini. Tumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya soda ya kioo, safi, iliyokauka kabisa. Weka mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi ya unga iliyo kavu. Ziba, tikisa kwa nguvu dakika mbili tatu, kisha iache itulie dakika 15. Ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa kama vumbi kwenye kioo cha gari, unyevu uko juu ya asilimia 15, rudisha mahindi juani. Chumvi ikidondoka yote chini na kioo kikabaki kisafi, unyevu umeshuka chini ya hapo. Mimi bado ningeyaanika siku moja zaidi ya jua kali, maana kwa kuhifadhi tunataka asilimia 13 hivi.

Elia (vijana): Na chumvi yenyewe ikiwa na unyevu?

Mama Neema: Itaganda hata kwenye mahindi makavu, utamrudisha mtu nyumbani bure. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu au ianike mchana kutwa. Na punje zichotwe sehemu tatu za gunia, juu, katikati na chini. Juu pekee huwa pakavu daima.

Dada Upendo: Kuanika iwe juu ya turubai, si kwenye udongo. Kuvu wanaoleta sumukuvu wamo kwenye udongo wenyewe. Punje zilizooza, zilizotoboka na zenye rangi ya kijani au nyeusi zichambuliwe kabla ya kupima, na zisipewe kuku.

Baba Tumaini: Je, tununue mifuko ya kinga njaa? Naona inasifiwa sana.

Mama Neema: Ni mizuri kweli baba, ila angalia tunaitumia kwa nini. Ule mfuko una matabaka matatu, mawili ya nailoni ndani na moja la kiroba nje. Ukiyafunga moja moja barabara, wadudu wanamaliza hewa wanakufa bila dawa, hata dumuzi (wengine mnamwita skania). Lakini inafaa kwa mahindi ya kukaa miezi. Haya yatakaa stoo wiki mbili na yakifika yanaanza kuliwa. Mfuko ukifunguliwa kila siku hauna kazi tena. Fedha hiyo ielekezwe kwenye kusaga.

Katibu: Nimeandika. Sasa kiasi. Tupeleke gunia ngapi kwa familia?

Dada Upendo: Tusianze na gunia, tuanze na watu. Mtu mmoja kwa siku: mahindi gramu 400, maharage 60, mafuta 30, chumvi 5. Familia ya watu sita kwa siku 30 ni mahindi kilo 72, maharage kilo 10.8, mafuta karibu lita 6, chumvi kilo moja kasoro kidogo. Zidisha kwa 40: mahindi kilo 2,880, maharage kilo 432, mafuta lita 240, chumvi kilo 40.

Baba Tumaini: Hapo canter ya tani tatu na nusu imejaa imepitiliza. Mahindi na maharage peke yake ni kilo 3,312. Ukiongeza mafuta, kama kilo 220, na chumvi 40, unafika 3,572, bado hujaweka mbao za chini, turubai na watu. Springi zitalia njia nzima na kule juu ya Mererani barabara ni ya vumbi. Napendekeza mafuta na chumvi vinunuliwe Orkesumet, makao makuu ya wilaya hukohuko. Gari linabaki salama, na mfanyabiashara wa huko naye anapata.

Mzee Kiongozi: Naunga mkono. Sadaka isiue soko la watu tunaowapelekea.

Mwinjilisti (Simanjiro): Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mtandao umekubali sasa. Neno langu ni moja kuhusu vifungashio. Tafadhali msilete magunia ya kilo 100, na lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) ndiyo kabisa msilete. Boma nyingi ziko mbali na mahali gari linapoishia, na akina mama wanabeba kwa punda. Punda anabebeshwa pande mbili, lazima zilingane. Viroba viwili vya kilo 24 au 25 vinakaa vizuri. Gunia moja kubwa itabidi limwagwe na kugawanywa chini, nusu inaishia mchangani.

Dada Upendo: Basi imekaa sawa kabisa. Kilo 72 ni viroba vitatu vya kilo 24. Jumla viroba 120. Ugawaji unakuwa wa kuhesabu tu, hakuna kupima tena kule na hakuna kubishana.

Elia (vijana): Vijana tutashona midomo. Uzi wa nailoni, mara mbili, na kila kiroba kipimwe BAADA ya kushonwa.

Mama Neema: Kwa nini tusipeleke unga moja kwa moja?

Mwinjilisti (Simanjiro): Mahindi mazima ni bora mama. Mashine ya kusaga ipo, na wengine watayapika loshoro na maziwa mgando. Unga wa dona unawahi kuchacha kwa sababu kiini chenye mafuta kimesagwa humohumo, joto la huku halisubiri. Wekeni tu fedha ya kusagia kwa kila familia, maana mahindi yasiyo na hela ya mashine yanauzwa nusu ili nusu isagwe.

Katibu: Hilo sikuliona kwenye bajeti. Linaingia.

Mwinjilisti (Simanjiro): Maharage nayo yawe ya msimu huu. Maharage makuukuu yanakaa jikoni saa nyingi hayaivi, na huku maji na kuni ni vya kufuata mbali. Mkileta ya zamani mmemwongezea mama mzigo.

Mama Anna: Amina mwinjilisti, Mungu akutie nguvu na hao watoto wa hapo mtaani. Mimi niko kwenye mnada. Naomba jambo moja lirekebishwe, mnada ufanyike nje, baada ya baraka ya mwisho. Vitu vikishawekwa mbele ya madhabahu na kuombewa, visipigiwe kelele za "elfu kumi mara ya kwanza" palepale. Watoto wavibebe kutoka nje kwa wimbo, ndipo mnada uanze chini ya mti.

Mzee Kiongozi: Litafanyika hivyo.

Mama Anna: Na ahadi. Mtu ananunua mkungu wa ndizi elfu thelathini, anasema nitaleta, mwezi wa kumi na mbili bado tunamwita jina. Utaratibu uwe huu: bidhaa haitoki mezani mpaka ilipiwe. Waandishi wawili, kila mmoja na daftari lake, safu tano: namba ya kitu, kitu chenyewe, jina, bei, njia ya malipo. Kila baada ya vitu ishirini wanalinganisha jumla. Wakisubiri mwisho, kosa moja linawakalisha mpaka saa mbili usiku.

Baba Tumaini: Malipo ya simu yaende kwenye lipa namba ya usharika, si namba ya mtu. Hata kama mtu huyo ni mwaminifu kiasi gani.

Mzee Kiongozi: Hasa akiwa mwaminifu, ndipo tumlinde. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 8:20-21 kwamba walijiepusha na lawama juu ya karama ile waliyoisimamia, wakitunza mambo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ndiyo maana hakubeba ule mchango wa Yerusalemu peke yake, alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa. Kwa hiyo kwenye gari letu wawe watatu: mmoja wa wazee, mmoja wa umoja wa wanawake, mmoja wa vijana. Na nakala ya orodha ya mzigo ibaki ofisini kabla gari halijaondoka.

Dada Upendo: Orodha ya wapokeaji nani anaandaa?

Mwinjilisti (Simanjiro): Wazee wa mtaa pamoja na viongozi wa kijiji. Tunaangalia hali ya nyumba: wajane, wagonjwa, waliopoteza mifugo. Wapo ambao si wa kanisa letu, wapo ambao hawasali kabisa. Wamo kwenye orodha.

Baba Tumaini: Na wawemo. Pasiwe na mahubiri ya lazima kabla ya kugawa chakula. Chakula kigawiwe asubuhi, watu waende zao. Ibada iwe jioni, anayekuja aje kwa hiari yake. Ubatizo wa kununuliwa kwa kiroba cha mahindi unaisha kiroba kikiisha, na unamfanya yule aliyeamini kweli aonekane naye alifuata chakula.

Mama Anna: Amina, amina. Na picha tupige za viroba na gari, si za mama akiwa amenyoosha mikono.

Elia (vijana): Tumekuelewa mama. Hata kwenye status za simu hatutaweka.

Mama Neema: Kuna hili la shukrani yenyewe, tusilisahau kwa hesabu. Kila kaya ilete karatasi moja siku hiyo, imeandikwa jambo moja mahususi la kumshukuru Mungu mwaka huu. Si "nashukuru kwa uzima" tu, hilo tunalisema mpaka halisikiki. Iandikwe kama "mvua ya Aprili iliokoa mahindi ya shamba la chini" au "mtoto amemaliza dozi ya kifua kikuu". Zisomwe kumi ibadani, zingine zisomwe kwenye jumuiya wiki zinazofuata.

Mzee Kiongozi: Hiyo ni nzuri sana. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa, mmoja akarudi, naye alikuwa Msamaria. Alirudi kwa sababu aliona amepona, ndivyo mstari wa 15 unavyosema. Shukrani ilianzia kwenye kuona. Ukimwambia mtu aandike jambo moja, unamlazimisha atazame.

Dada Upendo: Na aliyekosa mavuno kabisa? Ukanda wa chini mvua ilikatika mapema, wapo waliopata debe mbili.

Mzee Kiongozi: Alete karatasi yake, aje mbele kama wengine. Na katibu, majina ya kaya hizo nipe mimi na mama mchungaji, kimya kimya. Kabla ya mzigo kuondoka, hizo nazo zipate viroba. Haifai gari lipite mlangoni kwa mwenye njaa likienda kulisha mbali.

Katibu: Nitakuletea kesho baba. Basi viroba ni zaidi ya 120, nitarekebisha hesabu. Bado nahitaji mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, iliyohakikiwa, na watu wanne wa kupokea mahindi Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi. Turubai tunalo moja, tunataka mawili.

Baba Tumaini: Turubai la pili ninalo, na mbao za kutandika chini ya gari.

Mama Neema: Chupa nne na chumvi juu yangu.