Kutoa kwa kukopa: kwa vijiti wanaweza, kwenye daftari wanakwama

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Kasulu
Walimu wenzangu, habari za kazi. Wanafunzi wangu wakitumia vijiti, 52 kutoa 27 wanapata 25 bila shida. Wakirudi kwenye daftari wengi wanaandika 35, kwa sababu wakiona 2 haitoshi kutoa 7 wanageuza, wanatoa 2 kwenye 7. Nikiuliza, "Mmeelewa?" wote wanaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Nifanyeje?

Mwalimu, Ujiji
Hongera kwa kazi, mwalimu. Nadhani vijiti vyako viko kimoja kimoja, na hapo mtoto anahesabu tu, halazimiki kuvunja kumi. Mimi hutumia njiti za makuti ya mchikichi, zile za ufagio, nikazifunga kumikumi kwa uzi, hivyo 52 inakuwa mafungu matano na njiti mbili. Kisha namwambia mtoto, "Nipe njiti saba." Mkononi anazo mbili tu. Usimwelekeze afungue fungu, muulize, "Nyingine utazipata wapi?" halafu unyamaze, hata kama darasa zima linakutazama. Akishafungua, muulize amebaki na mafungu mangapi na njiti ngapi. Akisema mafungu manne na njiti kumi na mbili, hapo hapo akate 5 aandike 4 juu yake, na penye 2 aandike 12, kabla hajatoa chochote. Kinachofanywa na mkono kiandikwe papo hapo, kisisubiri kipindi kijacho.

Mwalimu mstaafu, Urambo
Naunga mkono, hasa hapo pa kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani, aliyechunguza vipindi vya sayansi, aligundua kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojitokeza kujibu wakaongezeka. Ila njiti zisikae mezani muhula mzima: wakizizoea, wachore mstari kwa kila kumi na nukta kwa kila moja, ndipo wabaki na tarakimu peke yake.

Swali la "Mmeelewa?" liache kabisa, mwalimu, maana halimpi mtoto kazi yoyote. Andika lile jibu la 35 ubaoni bila kusema ni la nani, uulize, "Nikirudishia 27 nilizotoa, nitapata 52?" Watajumlisha wapate 62, na watataka wenyewe kujua kumi hiyo imetoka wapi.