Bosi anataka kila hitilafu iishie WhatsApp, nimjibuje?

MtuWaSwichi: Wakuu, salaam. Nashughulikia mtandao na kamera kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Bosi mpya, yupo Dar, ameagiza hitilafu zote tuzimalize kwenye grupu, eti kukusanyana saiti ni kupoteza muda. Sasa sikieni la mwezi jana.

Swichi ya mtandao ya ghala la baridi, kile kisanduku kinachounganisha kamera, ilikuwa inajizima na kujiwasha, mara nne tano kwa siku. Siku tisa tunachati. Mimi natuma picha ya swichi, taa zote za kijani. Fundi umeme anatuma picha ya multimita, volti 231. Fundi majokofu: "Huku kwangu poa, angalieni kwenu." Na kila mmoja alikuwa mkweli kwa saa aliyopima. Nikabadilisha swichi, nikabadilisha adapta, nikaweka UPS, ile betri ya akiba, ikawa inalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake.

Siku ya kumi tukabanana watatu mbele ya paneli. Mzee mlinzi, aliyetufungulia tu mlango, akasema: "Hii taa ya korido pampu ikianza kuvuta maji inawaka kama jua." Tukatazamana. Mzee hayumo kwenye grupu, simu yake kiswaswadu. Fundi umeme akachomeka proba kwenye soketi yangu, mwingine akaenda kuwasha pampu. 231, mara 262! Swichi ikazima mbele ya macho yetu. Kufungua paneli, nati ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) imelegea, waya umeiva rangi ya chai ya rangi. Dakika 25, imekwisha.

FeziTatu: Mkuu, shukuru kamera hazijaungua. Nyutro ikilegea fezi, zile nyaya tatu zinazoleta umeme, zinanyang'anyana: yenye mzigo mkubwa inashuka, yenye mzigo mdogo inapanda, na inaweza kusogelea 400. Ukipima pampu imezimwa, multimita inakwambia salama kabisa. Lazima mmoja awashe, mwenzake asome, wakati uleule.

Mzee_wa_Logi: Mimi napinga kidogo. Nasimamia seva za wateja nikiwa Arusha, na tatizo la programu logi, yaani kumbukumbu za mfumo, inalisema yenyewe. Kuita watu sita waangalie skrini moja ni kupiga soga na kumaliza chai ya ofisi. Nauli nani analipa?

MtuWaSwichi: Hapo sikubishii, ya programu mimi mwenyewe natatua nikiwa nyumbani na msuli. Nasemea vitu vinavyotoa joto, harufu na kelele. Shida yangu ni namna ya kumwandikia bosi asione namgomea.

DadaStoo: Kaka, neno ushirikiano usilitaje kabisa. Mimi natoa vifaa, nawajua mabosi. Mwandikie: swichi moja, adapta moja, UPS moja, siku tisa. Chini yake: nati moja, dakika 25. Ambatanisha risiti. Halafu omba kitu kidogo tu: hitilafu ikirudi mara ya tatu, wahusika wakutane saiti siku hiyohiyo, na mlinzi wa zamu aulizwe.

MtuWaSwichi: Nimetuma vilevile, dada, na risiti zote. Bosi kajibu kwa kidole gumba, sijui ni cha ndiyo au cha kuninyamazisha. Ila mzee mlinzi kanifuata mwenyewe asubuhi hii, anasema chumba cha jenereta kinanuka mpira. Ngoja nimpitie fundi umeme, twende wote.